Mjadala: Mastodon hakuna algorithimu, sasa ile nyota ina kazi gani?

Kalamu Nyekundu
Wakuu, tuliweke sawa hili. Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mmiliki mmoja, hupanga posti kwa saa tu: ya sasa hivi iko juu, ya asubuhi iko chini. Hakuna mtambo unaoangalia nani kapendwa sana ukampandisha. Ila watu wamehamia na mazoea ya Facebook, wanagonga nyota, ndiyo "like" ya huku, na kupita. Nyota inampa mwandishi arifa, basi. Wafuasi wako hawaletewi posti kwa sababu wewe umeipa nyota. Ili iwafikie, bonyeza ile mishale inayozunguka, usambaze. Hoja yangu: mtandao wa namna hii hufanya kila msomaji kuwa mchukuzi, na kusambaza ni wajibu. Anayegawa nyota hamsini kwa siku bila kusambaza hata posti moja ni mchoyo. Mnasemaje?

Mama Kauli
Mchoyo? Nyota ni salamu. Mtu kasema jambo, naye anajibiwa kwamba amesomwa. Tangu lini anayesalimia akaitwa mchoyo? Na aliyenifuata alitaka kusoma maneno yangu, hakuomba kumwagiwa posti sitini za watu asiowajua.

Nahodha
Hata mitandao mingine ilianza na mpangilio huu wa saa. Twitter ilipanga posti kwa saa kuanzia 2006, ikaleta upangaji wa algorithimu mwaka 2016, na Instagram ikafuata mwaka huohuo. Kwa miaka mingi watu wa Twitter waliweka nyota, wengi wakiitumia kutunza posti ya kurudia baadaye. Mastodon kazi hiyo ina kitufe chake, alamisho, na mwandishi hapati arifa yoyote. Kwa hiyo anayeweka nyota ili asiipoteze posti anatumia kitufe kisicho chake.

Fundi wa Seva
Kalamu, hilo "basi" lako si sahihi. Tangu toleo la 3.5 la programu ya Mastodon, mwaka 2022, kuna ukurasa wa posti zinazovuma, na pale nyota na usambazaji vyote vinahesabiwa. Masharti yapo: mwandishi awe ameruhusu akaunti yake igunduliwe na wengine, posti isiwe jibu kwa mtu, isiwe na onyo la maudhui, na kwa mpangilio wa kawaida msimamizi wa seva, yaani kompyuta inayotunza akaunti za kundi lenu, awe ameidhinisha.

Ila kuna jambo kubwa zaidi ambalo hamjaligusa. Hii si seva moja, ni maelfu. Ukiweka nyota, taarifa inaenda kwenye seva ya mwandishi peke yake. Ndiyo maana mtu wa seva ya tatu anaweza kuona nyota 4 pale ambapo mwandishi anaona 40. Na seva yako haina kila posti iliyoandikwa duniani. Kwa kawaida inapokea za watu wanaofuatwa na mtu wa hapohapo, pamoja na zile ambazo watu hao wamesambaza. Tangu toleo la 4.0 unaweza kufuata hashitagi, lakini ukiwa kwenye seva yenye watu thelathini utaletewa posti chache sana, kwa kuwa nyingine hazijawahi kufika. Kusambaza ndiko kunakoivusha posti kutoka seva hadi seva.

Mama Kauli
Sawa, fundi. Bado neno "mchoyo" limekaa pale juu.

Nahodha
Kuhusu kumwagiwa, dawa ipo. Fungua wasifu wa msambazaji, bonyeza nukta tatu, chagua kuficha anachosambaza. Alichoandika mwenyewe utaendelea kukipata. Ni kitendo cha sekunde tano, hakumfukuzi mtu wala hakumpi arifa. Na Kalamu, posti yenye kufuli, ya wafuasi tu, haisambaziki hata ukitaka. Kwa posti hizo nyota na jibu ndivyo vilivyobaki. Wanaoishia hapo nao utawaita wachoyo?

Bint Hoja
Mnazungumzia wajibu wa kusambaza, na hakuna aliyetaja wajibu wa kuangalia unachosambaza. Wasambazaji wakubwa ndio wanaojaza milisho picha zisizo na maelezo. Asiyeona, anayesomewa skrini kwa sauti na programu, anasikia neno "picha" tu, kisha kimya. Picha ya hivyo siisambazi, hata iwe nzuri namna gani.

Kalamu Nyekundu
Dada, huo ni ukali usio na sababu. Mtu kaingia jana, hajui hata kitufe cha maelezo kiko wapi, unamnyima wasomaji ili umfundishe adabu? Bila algorithimu ana sisi tu. Tusipombeba sisi, anaandikia ukuta.

Bint Hoja
Usinisomee nia ambazo sikuzisema. Sijamnyima mtu chochote: namjibu, namwonyesha kitufe. Ukishapakia picha, kipo juu ya picha hiyohiyo kabla ya kutuma. Nafasi ni herufi 1,500, mara tatu ya posti yenyewe, ambayo kwa kawaida ni 500. Usianze na "hii ni picha ya", programu ya kusoma skrini imeshasema ni picha. Anza na kilichomo. Kama kuna maandishi ndani ya picha, yanakili yote, maana tangazo lililopigwa picha bila kunakiliwa kwa asiyeona ni karatasi tupu.

Mishale Miwili
Na hashitagi pia. #UfugajiWaNyuki na #ufugajiwanyuki ni kitu kimoja kwenye utafutaji, herufi kubwa hazibadilishi matokeo. Lakini ya kwanza husomeka kwa sauti kama maneno matatu, ya pili inatamkwa kama mkorogo. Msiweke kistari katikati, hashitagi inakatikia pale. Na tarakimu tupu hazishiki: #2024 ni maandishi ya kawaida, hayafuatiki.

Kalamu Nyekundu
Mada yangu ilikuwa nyota.

Bint Hoja
Mada yako ilikuwa wajibu. Soma ulichoandika.

Nahodha
Kalamu ana haki kwenye moja. Jibu la "ongeza maelezo" bila neno jingine humfukuza mgeni. Mwambie kwanza ulichokipenda kwenye posti yake, ndipo useme la maelezo. Na jibu lako halitawajazia watu milisho: linaonekana kwenye ukurasa wa nyumbani wa wale tu wanaowafuata nyote wawili.

Fundi wa Seva
Tena mwambieni atumie "hariri", asitumie "futa na uandike upya". Akifuta, nyota zote na usambazaji wote vinapotea, na majibu yanabaki yakining'inia bila posti. Akihariri, kila kitu kinabaki, na waliokwisha kuisambaza wanapata arifa kwamba imebadilika. Maelezo ya picha yanaongezeka kwa njia hiyohiyo, kuanzia toleo la 4.1. Seva ikiwa na toleo la zamani zaidi, hapo kweli lazima afute.

Kalamu Nyekundu
Bint, akishahariri, unasambaza?

Bint Hoja
Dakika hiyohiyo. Sijawahi kusema vingine.

Mama Kauli
Na mimi nangoja "mchoyo" lifutwe.

Kalamu Nyekundu
Silifuti.

Mama Kauli
Basi lihariri. Fundi kasema tuliosambaza tutapata arifa.