Mada: “Alikuwa amevaa koti jekundu” kwa Kiingereza inaandikwaje?

Kutoka: Leicester

Wapendwa, habari za huko mliko. Naomba msaada wa wenye ujuzi. Kuna maelezo ya shahidi yanayotakiwa kwa maandishi baada ya wizi wa dukani. Kwa Kiswahili yako hivi: “Nilipofika, jamaa alikuwa amesimama mlangoni, alikuwa amevaa koti jekundu, na mwenye duka alikuwa ameondoka.” Hiyo “alikuwa ame-” imetokea mara tatu. Je, zote ni “had”?

Swali la pili ni lile la siku zote. Darasani watu wanafundishwa kwamba -li- ni wakati uliopita na -me- ni “have”. Mbona basi “I have arrived yesterday” inakatwa kwa wino mwekundu kila mara, na Kiswahili “nimefika jana” kinasemwa bila shida?

Kutoka: mkalimani, Minneapolis

Ndugu wa Leicester, salaam. Hapana, si zote:

“When I arrived, he was standing at the door. He was wearing a red jacket. The shop owner had left.”

Kusimama na kuvaa hapa ni hali. Ukisema “amesimama” huzungumzii tendo la kuinuka, unasema yuko wima sasa hivi. Ndivyo ilivyo kwa amekaa, amelala, ameshika, amebeba, amechoka, amelewa. Kiingereza huzieleza hali hizo kwa “is”: “he is sitting”, “he is asleep”, “he is drunk”. Ukizirudisha nyuma, “is” inageuka “was”, basi. Kuondoka ni tendo lililokwisha kabla hujafika, na hapo ndipo “had” inapostahili.

Kipimo chake ni hiki: kama ungepiga picha dakika ile, ungekiona kinachosemwa? Koti lingeonekana mwilini, kwa hiyo “was wearing”. Kuondoka kwa mwenye duka kusingeonekana, kwa hiyo “had left”.

Msichukulie kuwa ni usahihi wa darasani tu. Ukiandika “he had worn a red jacket”, msomaji anaelewa kwamba koti lilivaliwa wakati fulani kabla, na ulipomwona huenda hakuwa nalo. Na ukiandika “the owner left when I arrived”, umesema mwenye duka alitoka wewe ulipoingia, yaani huenda mlipishana mlangoni. Huo ni ushahidi mwingine kabisa, na wakili wa upande wa pili ana haki ya kukuuliza kuhusu huo.

Sasa -li- na -me-. Kanuni ya darasani inavunjika kwa sababu -me- yetu inakubali kukaa na “jana”, na “have” haikubali. Msaada mzuri uko kwenye ukanushi. Igeuze sentensi yako iwe ya kukanusha, kwa Kiswahili, kabla hujaitafsiri. Ikitoka na -ja-, tumia “have”. Ikitoka na -ku-, tumia wakati uliopita wa kawaida.

“Amefika jana” ukiikanusha ni “hakufika jana”. Hakuna anayesema “hajafika jana”. Kwa hiyo: “He arrived yesterday.”
“Nimeenda Dubai mara mbili” inakanushwa “sijaenda Dubai”. Kwa hiyo: “I have been to Dubai twice.” Angalieni pia “been”: ukisema “she has gone to Dubai”, maana yake yuko huko au yuko njiani, hajarudi.
“Asubuhi nimekunywa dawa”: kama bado ni asubuhi, kinyume chake ni “sijanywa”, basi “I have taken my medicine this morning”. Kama sasa ni saa kumi jioni, kinyume ni “sikunywa”, basi “I took it this morning”. Neno la wakati ni lile lile, ila asubuhi ya pili imeshafungwa.

Kipimo hiki hakifiki kila mahali. Hakikusaidii penye zile hali za “amevaa”, zipitishe kwenye picha kwanza. Na hakikusaidii penye “tangu”, kwa sababu huko mara nyingi hatutumii -me-: “Niko hapa tangu 2019”, “nafanya kazi hapa tangu 2019”. Kiingereza kinadai “have” zote mbili: “I have been here since 2019”, “I have been working here since 2019”. “I am here since 2019” itaeleweka, lakini ni kosa.

Jambo la mwisho ni -ka-. Tukisimulia tunasema “niliingia, nikamwona, nikapiga kelele”, na -ka- inaning’inia kwenye -li- ya kwanza. Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo, kila kitenzi kibebe wakati wake: “I went in, saw him and shouted.” Maelezo mengi yanaharibikia hapa. Kitenzi cha kwanza kinakuwa sawa, kisha “I went in, see him and shout”, na afisa anayesoma anashindwa kujua tukio limekwisha au ni mazoea. Kwenye “did” ni kinyume chake: “did” imeshabeba wakati, kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu. “I didn’t see”, si “I didn’t saw”.

Kutoka: mwalimu wa Kiingereza cha watu wazima, Portland, Maine

Mkalimani ameeleza vizuri. Naongeza kwa ajili ya ndugu wa Kongo na Burundi waliosomea Kifaransa, maana wao mtego umewakaba pande mbili. “J’ai vu le docteur hier” ni Kifaransa safi, na “nimemwona daktari jana” haisumbui sikio la mtu. Lugha mbili zikikuruhusu, “I have seen the doctor yesterday” itaonekana haina neno. Ukishataja wakati uliokwisha (yesterday, last week, in 2017, three days ago, when I was in the camp), toa “have”.

Mtego mwingine wa Kifaransa ni “depuis trois jours”, unaozaa “since three days”. “Since” inataka mahali pa kuanzia: since Monday, since 2016. “For” inataka urefu: for three days, for six years.

Kwenye wasifu wa kazi hili lina uzito. “I worked at the clinic for four years” maana yake umeshaondoka. “I have worked at the clinic for four years” maana yake bado uko pale, na mwajiri anaweza kupiga simu kukuulizia.

Msishangae mkiwasikia Wamarekani wakisema “Did you eat yet?” au “I already ate.” Ni kawaida yao. Waingereza wengi husema “Have you eaten yet?” Kwenye mtihani wa Uingereza shikeni hiyo ya pili.

Kutoka: muuguzi, Manchester

Upande wa hospitali, mahali pa kuangalia sana ni maumivu na dawa.

“I had chest pain for three days”: yamekwisha. “I have had chest pain for three days”: yapo mpaka sasa. Anayepanga nani aonwe kwanza anaweza kutegemea kitenzi hicho. Ukiwa na wasiwasi ongeza neno moja, “and I still have it”, na hakuna atakayekosea.

Kabla ya upasuaji utaulizwa “Have you eaten anything today?” Hapo sijala yetu inaingia sawasawa: “No, I haven’t.” Kama umekula, taja saa kwa wakati wa kawaida: “Yes, I ate at six.” Na kumbuka saa kumi na mbili yetu ni “six” yao. Mkalimani ni haki yako kumwomba, usione haya.

Kutoka: Leicester

Ahsanteni sana. Swali dogo: maelezo yakishachapwa na polisi, na “had worn” imo ndani, inakuwaje?

Kutoka: mkalimani, Minneapolis

Usitie sahihi bado. Omba usomewe polepole, au uyasome mwenyewe hadi mwisho. Ukifika kwenye kosa, sema “This is not what I meant. He was wearing it when I saw him.” Neno likatwe kwa mstari mmoja, neno lililo sahihi liandikwe juu yake, nawe utie herufi za jina lako pembeni. Kama una shaka na sentensi yoyote, igawe mara mbili na utaje saa: “The owner left at about 5:30. I arrived at about 5:45.” Ukiwa na saa mbili zilizoandikwa, hata “had” huihitaji.

Na kwa walioko Marekani wanaojaza N-400, yaani fomu ya kuomba uraia: maswali mengi yanaanza na “Have you EVER”, na EVER imechapwa kwa herufi kubwa. Hiyo ni maisha yako yote, nchi yoyote, hata kabla hujaingia Marekani. Kiswahili chake ni “umewahi”, na jibu la “hapana” maana yake “sijawahi kamwe”. Kama lilitokea mara moja, jibu ni “yes”, kisha ueleze lini na wapi kwa wakati uliopita wa kawaida. Na kama jambo lenyewe linahusu kukamatwa au mahakama, ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutuma fomu.