Mamlaka ya dawa za kulevya: shilingi iende kwenye boti ya doria au kwenye kikombe cha methadoni?

Mzalendo wa Buza
Wakuu, salaam. Ile Tume ya zamani ya dawa za kulevya kazi yake ilikuwa kuratibu tu, haikuwa na meno. Sheria ya 2015 ikaleta Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ikaanza kazi 2017 ikiwa na uwezo wa kukamata, kupekua na kupeleleza. Desemba 2023 tukatangaziwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini zimenaswa Dar es Salaam na Iringa. Hiyo ndiyo kazi ninayoielewa. Upande wa pili naona vituo vya methadoni, ile dawa ya kikombe anayonyweshwa mraibu wa heroini (unga) kila siku dirishani, vinaongezeka: Muhimbili, Mwananyamala, Temeke, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga, Bagamoyo. Naomba tujadili kwa hoja: shilingi ya Mamlaka iende kwenye boti ya doria na upelelezi wa vigogo, au iende kwenye kikombe? Mimi nasema boti. Methadoni ni unga wa serikali. Teja anaacha kete (kipimo kidogo cha unga), anahamia dirishani, uraibu uko palepale.

Mfamasia wa Dirishani
Mkuu, hoja ya boti nitawaachia wenye nayo. Hilo la "unga wa serikali" sitaliacha lipite.

Heroini inakaa mwilini saa nne hadi sita, kisha arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, inabisha hodi. Ndiyo maana teja anahitaji kete tatu, nne kwa siku, na kila kete ina safari yake ya kutafuta hela. Methadoni inakaa zaidi ya siku nzima. Dozi ikishapatikana, mtu hapandi wala hashuki: anakunywa asubuhi, anakwenda kwenye shughuli, kesho anarudi. Anaanza na miligramu 20 hadi 30, inapandishwa 5 au 10 kila baada ya siku chache, wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Hainyweshwi kiholela. Mteja anataja namba yake, anaangaliwa macho na mwendo, harufu ya pombe inanuswa, anakunywa mbele ya mtoa dawa, kikombe kinasuuzwa kwa maji anayanywa na hayo, kisha anaongea maneno mawili matatu ili ijulikane hakuna kilichobaki mdomoni. Niambie ni kijiwe gani cha unga kinafanya hivyo.

Fundi wa Soba
Mzalendo amenena. Mfamasia, hizo ni namba za kwenye daftari. Nenda nje ya kituo chochote saa nne asubuhi uone vijana walivyojipanga ukutani wanasinzia, mate yanadondoka. Huyo ndiye aliyetulia? Nyumba ya soba, makazi ya kuacha ulevi bila dawa, inamchukua mtu, arosto inampiga siku saba, inaisha, anakaa miezi minne hadi sita na wenzake, anatoka hana kitu mwilini. Methadoni imeanza Muhimbili 2013 na wapo wanaokunywa mpaka leo. Tiba gani isiyoisha?

Mfamasia wa Dirishani
Ilianza Februari 2011, siyo 2013. Mwananyamala ikafuata 2012, Temeke 2014. Na dawa ya kisukari je, inaisha lini? Ya presha?

Hao wanaosinzia nje. Methadoni peke yake, kwa dozi iliyokaa, haimlazi mtu ukutani. Anayedondosha mate kwa kawaida amechanganya: amemeza Valium (vidonge vya kutuliza) za mtaani, au amepiga gongo kabla ya kuja, au ameongeza kete juu ya dozi kwa sababu dozi yenyewe ni ndogo. Mchanganyiko huo unapunguza pumzi mpaka unaikata. Sababu nyingine ni haraka ya kupandisha. Dozi ya leo inaikuta nusu ya dozi ya jana bado iko mwilini, na inachukua karibu siku tano kujua dozi moja imefikia wapi. Mtoa huduma anayepandisha kila siku kwa huruma anaweza kumuua mtu siku ya nne kwa dozi ileile iliyoonekana ndogo siku ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote. Ukiona wanaosinzia, laumu usimamizi na Valium zinazouzwa kama karanga, usilaumu kikombe.

Kipepeo wa Tanga
Fundi, kwa kuwa umeitaja arosto ya siku saba, tuizungumze vizuri. Arosto ya heroini ni mateso: kuharisha, kutapika, mifupa kuuma, vipele vya baridi, kutolala. Mtu mzima mwenye afya akipewa maji ya kutosha kwa kawaida haimuui. Arosto ya pombe ni habari nyingine kabisa, na nyumba nyingi za soba zinawapokea wote wawili kwa mlango uleule na kufuli lilelile. Mlevi wa kila siku akikatwa ghafla, mikono inatetemeka ndani ya saa sita hadi ishirini na nne. Degedege linaweza kumjia ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili hadi ya nne anaanza kuona wadudu ukutani, homa inapanda, moyo unakimbia. Wenye nyumba wanasema "mapepo ya pombe yanamtoka", wanamfunga kamba. Huyo alitakiwa awe wodini, apewe diazepamu kwa vipimo vinavyoshuka, na vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari. Ukitanguliza sukari kwa mwili uliokauka B1, unaweza kumharibu ubongo moja kwa moja.

Fundi wa Soba
Kwa hiyo sisi ni wauaji? Sema waziwazi. Wakati hospitali zinawafukuza mateja kama mbwa, nani aliyewafungulia mlango? Ni sisi, watu waliopona wenyewe, kwa michango ya familia. Sasa mtu wa kompyuta anatufundisha degedege. Nyumba za soba zinasajiliwa, Mamlaka inazikagua, kuna mwongozo. Msituvunjie heshima.

Kipepeo wa Tanga
Sijakuita muuaji, ndugu yangu. Nimesema kufuli moja kwa magonjwa mawili. Mwongozo unaosema upo, je, mlangoni kwako kuna anayemuuliza mgeni alikunywa mara ya mwisho lini, kiasi gani, na kama aliwahi kuanguka kifafa akiacha? Hayo maswali matatu hayahitaji daktari.

Na kuna la pili. Huyo anayetoka "hana kitu mwilini" baada ya miezi sita ndiye aliye hatarini zaidi. Mwili umesahau. Akirudi kijiweni akajidunga kiasi alichokuwa anapiga zamani, pumzi inakata sindano ikiwa bado mkononi. Ni hivyohivyo kwa wanaotoka gerezani. Unapomkabidhi kwa familia, unawaambia hilo?

Mzalendo wa Buza
Jamani, mada yangu ilikuwa boti. Bila mzigo hakuna teja, hakuna soba, hakuna dirisha. Majahazi yanatoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, yanashusha Zanzibar, Tanga, Mtwara. Zibeni bahari, mjadala wote huu unaisha.

Wakili wa Ilala
Mkuu, kuziba bahari ni muhimu na Mamlaka isipunguziwe hata senti ya upelelezi. Ila usitarajie mzigo ukipungua teja ataamka amepona. Unga ukiadimika unachakachuliwa zaidi na bei ya kete inapanda. Aliyekuwa anavuta koktelii (unga uliochanganywa na bangi) anaona moshi unampotezea mali, anahamia sindano kwa sababu kidogo kinamfikisha mbali. Hapo ndipo VVU na homa ya ini C vinapopata mlango. Ukamataji mkubwa usiokuwa na dirisha la tiba jirani unazalisha wanaojidunga.

Ombi langu kwa Mamlaka ni jingine: askari wa kata wasivizie njia za kwenda kituoni. Mtu anayekamatwa na kete moja saa mbili asubuhi akielekea kunywa dawa analala mahabusu siku nne bila dozi. Ukishamwonea mmoja hivyo, kumi wanaacha kuja.

Mama wa Kinondoni
Nyote mnaongea kana kwamba kila mtu anaishi jirani na Mwananyamala. Fanyeni hesabu: daladala mbili kwenda, mbili kurudi, siku saba kwa wiki, Idi na Krismasi zikiwemo. Halafu mnasema afanye kazi. Fundi ujenzi anatakiwa saiti saa moja. Akikosa dozi siku tatu mfululizo, vituo vingi vinampunguzia, mara nyingi nusu. Akikosa tano anaanza upya kwenye 30. Anayeanza upya kwenye 30 wakati mwili ulizoea 100 anajua pa kuzibia pengo. Waliotulia miezi mingi na mkojo wao ni safi wapewe dozi za kwenda nazo nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakubali utaratibu huo. Hapo ndipo shilingi iende.

Mzalendo wa Buza
Dada, hapo ndipo ninapoogopa. Ukimpa chupa aende nayo nyumbani, jioni iko sokoni.

Mfamasia wa Dirishani
Hofu ya Mzalendo ni ya kweli, na sababu kubwa zaidi ni mtoto. Dozi inayomweka baba yake vizuri inaweza kumuua mtoto wa miaka mitatu, na ni tamu kama sharubati ya kikohozi. Kwa hiyo anza na dozi moja ya Jumapili, kisha mbili, siyo za wiki nzima. Kila dozi na chupa yake yenye kifuniko kigumu kwa mtoto, jina na tarehe juu, sanduku la bati lenye kufuli. Chupa tupu zirudi kabla ya kupewa nyingine. Ita mmoja bila taarifa aje na chupa zake zihesabiwe. Anayepungukiwa anarudi dirishani kila siku, bila matusi. Kinachouzwa mtaani leo mara nyingi ni kile kinachotemwa kutoka mdomoni, na hicho kinatoka hapohapo dirishani kwa mtoa dawa aliyechoka.

Pwani ya Mombasa
Habari zenu ndugu wa Bongo. Naona Kipepeo amegusa pombe kisha mkaiacha. Hapa Kenya mamlaka yetu, NACADA, inabeba yote mawili, pombe na dawa, chini ya sheria ya 2012. Kwenu Mamlaka inasimamia unga na bangi na mirungi, pombe ni ya nani?

Wakili wa Ilala
Ya kila mtu, kwa hiyo si ya mtu. Sheria ya Vileo ni ya 1968, leseni zinatolewa na halmashauri, na halmashauri hiyohiyo inategemea ada ya leseni. Viroba, ile pombe kali ya pakiti, vilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, na kanuni zilizotumika ni za mazingira, kwa sababu ya ule mfuko wa plastiki! Kilichomo ndani hakikuguswa, kikahamia kwenye chupa ndogo.

Pwani ya Mombasa
Msidhani kuunganisha kunatosha. Sheria yetu ya vileo ya 2010 inasema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi kuanzia saa nane mchana, isikaribie shule kwa mita 300. Lakini Katiba imewapa kaunti leseni. NACADA inapiga kelele Nairobi, karani wa kaunti anapiga muhuri. Mwaka 2025 ikaja sera mpya ya kupandisha umri wa kunywa kutoka 18 hadi 21, nchi nzima ikabishana juu ya umri. Yule anayeuziwa pombe yenye methanoli kichochoroni hakuna anayemuuliza umri.

Fundi wa Soba
Hapo kwenye pombe nakubaliana nanyi. Wanaoletwa soba kwa ajili ya pombe ni wengi, na hakuna dirisha linalowasubiri.

Mfamasia wa Dirishani
Na hawatapata, kwa sababu methadoni haifanyi chochote kwa pombe, bangi wala methamfetamini. Inatibu uraibu wa jamii ya heroini tu. Anayeahidi vingine anadanganya.

Mama wa Kinondoni
Mfamasia, swali kabla sijasahau. Anayeanza dawa za kifua kikuu akiwa kwenye methadoni, mbona wiki ya pili anaanza kupiga miayo na kutoka jasho, wauguzi wanasema anaigiza?

Mfamasia wa Dirishani
Haigizi, dada. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inaharakisha ini kuivunja methadoni, kiwango kinaweza kushuka nusu au zaidi, naye anaingia arosto huku dozi kwenye kadi haijabadilika. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU, nazo zinafanya hivyo. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina shida hiyo. Dozi ipandishwe taratibu, hata igawanywe asubuhi na jioni. Kinachosahaulika ni mwisho wake: rifampisini ikikoma, ndani ya wiki mbili hivi ini linarudi kawaida na dozi ile kubwa inageuka sumu. Tarehe ya kumaliza dawa za kifua kikuu iandikwe kwa wino mwekundu kwenye kadi ya methadoni. Na pumzi ikikata, naloksoni (dawa ya kuzima nguvu ya heroini na methadoni) inamwamsha kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, methadoni bado imo kwa siku nzima. Asirudishwe nyumbani kwa sababu amefungua macho.

Wakili wa Ilala
Mzalendo, nirudi kwenye shilingi yako. Sehemu kubwa ya fedha za huduma hizi ilikuwa inatoka Marekani kupitia PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada kwa siku 90. Dawa ya kunywewa kila siku haijui siku 90. Methadoni inunuliwe kwa bajeti yetu, kama tunavyonunua mafuta ya boti.

Mzalendo wa Buza
Hilo la bajeti yetu nalikubali. Boti bado siitoi.

Fundi wa Soba
Na mimi kikombe bado sikikubali. Kipepeo, yale maswali matatu yaandike hapa tena, nyumba iwe nayo mlangoni.

Kipepeo wa Tanga
Umekunywa mara ya mwisho lini, saa ngapi? Kwa siku ni kiasi gani, na cha aina gani? Umewahi kuanguka au kuona vitu ukiacha? Akijibu "ndiyo" kwa la tatu, usifunge mlango. Ita bodaboda, mpeleke hospitali usiku huohuo.