Mjadala: Je, simulizi za mauaji na za kutisha zipigwe marufuku kwa vijana wetu?

Anayeanzisha: Mwalimu wa Kiswahili, Buruburu

Katika mkutano wa wazazi uliofanyika mwezi uliopita huku kwetu Eastlands, Nairobi, mama mmoja alisimama akiwa ameshika daftari la mwanawe wa Kidato cha Tatu, ambamo kijana huyo alikuwa amenakili kwa mkono simulizi ya mauaji aliyokuwa akiisoma kwenye simu, sehemu kwa sehemu, kila sehemu ikikatwa na neno "itaendelea". Mama huyo alitaka simulizi za aina hiyo zipigwe marufuku, na wazazi wengi walimuunga mkono. Vijana wachache waliokuwapo walijibu kwamba hadithi ni hadithi tu, na asiyeipenda aiache. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, nami niliondoka mkutanoni bila kuridhishwa na upande wowote.

Wanaotaka marufuku husema kwamba giza hili limeletwa na simu na filamu za kigeni. Sivyo. Mnamo 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha jijini London ngano alizozikusanya Unguja, na miongoni mwazo imo ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka alianza kwa kumla ndama, na Sultani alipopashwa habari alijibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka akaendelea na mifugo mikubwa zaidi, hatimaye akawageukia watu, huku Sultani akikataa katakata auawe, hadi siku alipowaua baadhi ya wana wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba alipokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda, mla watu. Kisha kitinda mimba wa Sultani anatoka kumtafuta nunda, na kila akiua mnyama humleta nyumbani akiimba, naye mama yake humjibu kwa wimbo kwamba siye. Ngano hiyo imejaa damu kuliko simulizi nyingi ninazozikuta kwenye simu za wanafunzi wangu, na bado ni miongoni mwa hazina zetu.

Wala siamini kwamba hofu yenyewe ni sumu. Mwaka 2021 watafiti kadhaa, akiwemo Coltan Scrivner, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walieleza dhiki ndogo zaidi ya kisaikolojia wakati wa janga la Korona. Uchunguzi huo hauthibitishi kwamba filamu ndizo zilizowakinga, kwa maana huenda watu wenye moyo mgumu ndio wanaozipenda tangu mwanzo. Lakini unatosha kumzuia mtu asiseme kwa uhakika kwamba kila anayejitisha anajidhuru.

Kuhusu sheria nitasema machache. Filamu zinaainishwa kwa umri chini ya Sura ya 222 ya sheria zetu za Kenya, ila simulizi inayopitishwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine haina wa kuiainisha, na Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Isitoshe, marufuku huzeeka vibaya. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwanza katika shule za Tanzania, na baadaye ikafundishwa humo humo.

Hata hivyo, wale wanaosema "hadithi ni hadithi tu" nao wananitia uchungu. Januari 2024 wanawake waliuawa katika nyumba za kukodi za muda mfupi jijini mwetu, na tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu wakaandamana barabarani kudai wanawake wasiendelee kuuawa. Wiki chache baadaye mwanafunzi alinionyesha simulizi mpya iliyotungwa kwa mfano wa mambo yale yale: chumba kile, mlango ule, mlinzi yule getini. Niliwapa darasa langu kazi ya kupigia mstari kila sentensi inayotuambia jambo lolote juu ya yule msichana kabla hajafa. Walipata sentensi mbili, moja ikiutaja urembo wake na nyingine rangi ya gauni lake. Maiti yake, kwa upande mwingine, ilikuwa imepewa aya nne nzima, na mwuaji alikuwa amepewa jina, utoto, majeraha ya moyo na hata wimbo aupendao. Darasa lilinyamaza. Msichana mmoja aliuliza kama huyu aliyekufa alikuwa na mama.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba tuache kuuliza hadithi ina damu kiasi gani, tuulize aliyekufa ndani yake amehesabiwa kuwa mtu au amewekwa pale kama pambo. Kipimo hicho hakihitaji bodi wala polisi. Kinahitaji kufundishwa darasani, jambo ambalo sisi walimu tumelikwepa kwa kuogopa hata kuzitaja simulizi hizi.

Mchangiaji: Mama wa watoto watatu, Kayole

Shikamoo Mwalimu. Mimi ndiye niliyesimama na daftari, na ninashukuru kwamba hukunidhihaki. Lakini nina maswali. Katika ngano yako ya nunda, wale watu wa mji walioliwa wana majina? Wana mama? Naona nao wameliwa kimya kimya, basi kipimo chako kinaiangusha hadithi yako mwenyewe. Pili, unazungumza kana kwamba kila mtoto huchagua anachosoma. Nikipanda matatu jioni na mwanangu mdogo wa miaka sita, skrini iliyo mbele yetu inaonyesha watu wakichinjana, na mtoto hana pa kugeuzia macho, kisha usiku ananiamsha mara tatu. Huyo nimfundishe uhakiki wa fasihi? Tatu, na hili sikulisema mkutanoni: nimelinganisha daftari na simu. Kwenye simu msichana anayeuawa hana jina. Kwenye daftari, mwanangu amempa jina la binti wa jirani yetu. Tangu siku hiyo silali vizuri, na nimekaribia mara mbili kulitia lile daftari motoni.

Jibu la mwanzishaji

Marahaba, Mama. Katika swali la kwanza umenikamata, na ninakubali kwamba suala la jina nililiegemea kupita kiasi. Walioliwa na nunda hawana majina. Ila nikiisoma upya ngano ile naona kwamba kila kifo kinapelekwa mbele ya Sultani na kuwa hoja juu yake, kwa sababu yeye ndiye angeweza kuzuia naye akakataa. Na mwishoni yuko kijana anayekesha porini na mama anayemrudisha tena na tena, asimruhusu kuridhika na mnyama asiye na hatia. Katika simulizi ya lile gauni hakuna anayeulizwa wala anayetafuta. Basi nakirekebisha kipimo changu: tutazame kama kifo hicho kinamgusa yeyote ndani ya hadithi. Bila shaka utakitafutia tundu lingine, nami nitafurahi ukilipata.

Kuhusu matatu, niko upande wako bila masharti yoyote. Abiria wa miaka sita hakuchagua, na kumwonyesha mauaji mtu asiyeweza kushuka wala kugeuka hakuhusiani na uhuru wa ubunifu. Hapo dereva na kondakta waambiwe wazime, na wakikataa washtakiwe.

Swali lako la tatu limenikalia zito, na sitajifanya najua maana yake. Huenda jina hilo ni tishio, na kama ni hivyo, una haki ya kuogopa na hupaswi kulibeba jambo hilo peke yako. Huenda pia kijana aliona, kama wanafunzi wangu walivyoona, kwamba aliyekufa hakuwa na chochote cha kumfanya mtu, akampa jina la karibu zaidi alilokuwa nalo. Maana hizo mbili ziko mbali sana, na daftari peke yake haliwezi kuzitenganisha, mwanao anaweza. Naomba umuulize kwa nini alichagua jina hilo, umuulize kwa utulivu, mkiwa wawili tu, kabla hujalichoma. Ukipenda niwepo, nitakuja.