Simu tumekataza bwenini lakini shida zinaingia tu, wenzangu mnawalindaje watoto mtandaoni?

MatroniWaZamu

Habari zenu wadau. Mimi ni matroni kwenye shule ya bweni ya wasichana, watoto wa miaka 13 mpaka 18, kazi hii nimeifanya muda mrefu ila hili la mtandao naona linanizidi. Kwetu simu ni marufuku, mzazi anasaini kabisa siku ya kuripoti, lakini likizo ikiisha zinarudi ndani ya mabegi, zinashonewa kwenye godoro, asiye nayo anaazimwa na mwenzake. Juu ya hapo muhula huu shule imefunga waifai maktaba na chumba cha kompyuta na paswedi ni moja kwa wote, siku ya pili tu bweni zima linaijua.

Sasa wiki mbili zilizopita nimemkuta binti wa miaka 14 analia chooni saa nane usiku. Kumbe kuna mtu walikutana kwenye gemu, akajifanya mvulana wa miaka 15, wakahamia kuchati pembeni, akamwomba picha, mtoto akatuma, na kuanzia hapo anadaiwa hela la sivyo picha zinaenda kwa marafiki zake wote na kwa baba yake. Amekaa na hilo jambo siku tisa, analala chumba kimoja na wenzake kumi na moja na hakuna aliyejua. Nikamuuliza mbona hukuniambia mwanangu, akanijibu "ningesema ningefukuzwa mama, si nilikuwa na simu".

Hilo jibu linanikosesha usingizi mpaka leo. Sheria niliyokuwa naisimamia mimi mwenyewe ndo iliyomziba mdomo.

Uongozi unataka niandike utaratibu mpya, wengine wanasema upekuzi kila Jumamosi. Nyie mnafanyaje? Na huyu binti nimsaidieje, simu nimeichukua nimeizima, sijafuta kitu, na yule mtu hajalipwa.

Fundi_Mitambo

Pole sana matroni. Mimi nafunga mitandao, shule nimefanya kadhaa, nikuambie upande wangu.

Hiyo paswedi moja kwa wote iondoeni wiki hii hii. Kila mwanafunzi apate akaunti yake ya kuingilia, walimu wawe na mtandao wao tofauti, na ruta ibadilishwe paswedi iliyokuja nayo kutoka kiwandani, utashangaa shule ngapi bado zinatumia ile ile na mtoto yeyote anaitafuta gugo dakika moja anaingia anafungua kila mlichofunga. Kuchuja mambo ya ngono na virusi haihitaji hela nyingi, kuna DNS za bure (DNS ni kama kitabu cha anwani kinachoielekeza kompyuta tovuti ilipo) kama ile ya familia ya kampuni ya Cloudflare, 1.1.1.3, inawekwa kwenye ruta na inashika vifaa vyote vinavyotumia hiyo ruta. Usiku waifai izimwe yenyewe kwa ratiba. Kompyuta za maktaba skrini zitazame mlangoni zisitazame ukuta, hili dogo lakini linasaidia kuliko programu nyingi nilizowahi kufunga.

Ila sitaki kukudanganya. Mtoto mwenye laini na bando lake hagusi ruta yako kabisa, anawasha hotispoti na wenzake watano wanaingia hapo, mwingine anaweka VPN, apu inayoficha anachofungua, na kichujio chote kinabaki pambo. Na huyo mtu wa gemu hata angepita kwenye waifai yenu asingezuiwa, maana gemu ni halali na chati ni halali, kilichoharibika ni mazungumzo, na mashine haijui kama anayejiita kijana wa miaka 15 ana miaka arobaini. Kwa hiyo uongozi wakikwambia "tumeshaweka kichujio tumemaliza" usikubali.

Ushauri_Nasaha

Matroni, umefanya vizuri mno kutofuta na kutolipa. Nimeshika kesi za namna hii, za wavulana pia, tena wavulana ndo wanakaa kimya zaidi, kwa hiyo naandika kwa urefu kidogo mnivumilie.

Kwanza mtoto mwenyewe. Usiku huu na usiku zinazofuata asilale peke yake na kuwe na mtu mzima anayemjua karibu, kuna watoto wamejitoa uhai duniani kwa vitisho vya namna hii ndani ya saa chache tu, usione ametulia ukadhani yameisha. Mwambie wazi kwamba aliyekosea ni yule mtu, na urudie, kwa sababu akisikia mara moja haamini.

Ya pili, msilipe hata akipunguza bei. Hawa watu akilipwa mara moja anajua hapa pana hela, anarudi kesho na dau kubwa zaidi. Piga skrinishoti za jina la akaunti, linki ya profaili, namba ya kupokelea hela na ujumbe wa vitisho, kisha ripoti akaunti ndani ya apu yenyewe, halafu ndo mumbloku. Ukianza na kumbloku unaweza kukosa ushahidi. Baada ya hapo polisi, kitengo cha watoto kama kipo.

Sasa hapa walimu wengi wanakosea kwa nia njema: picha zenyewe USIZIPIGE skrinishoti, usijitumie, usimfowadie mkuu wa shule "aone", usiziweke kwenye grupu la walimu. Nchi nyingi kuwa na picha ya uchi ya mtoto chini ya miaka 18 ni kosa la jinai hata kama nia yako ni kusaidia, na kwa mtoto kila mtu mzima mmoja zaidi aliyeiona ni aibu nyingine juu ya ile ya kwanza. Simu ifungiwe kwenye kabati, iandikwe nani kaiweka na saa ngapi, basi.

Kuna huduma inaitwa Take It Down, inaendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa (NCMEC) tangu 2023, ni bure na hutaji jina. Picha haitoki kwenye simu, inatengenezwa alama ya namba tu kutoka kwenye ile picha, na mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram, TikTok na mingine, inatumia hiyo alama kuizuia isipandishwe. Haifiki kwenye chati zilizofichwa kama WhatsApp, lakini mtoto akijua kuna kitu kimefanyika anapata pumzi. Hiyo ni kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18, wale wakubwa wenu wakipatwa ukubwani ipo StopNCII, huduma kama hiyo hiyo ila ya watu wazima.

Kuhusu utaratibu, sentensi ya kwanza kabisa andika hivi: mwanafunzi akileta mwenyewe shida ya mtandaoni hataadhibiwa kwa kuwa na simu. Uongozi watakwambia mnafungulia milango. Waulize wangependa kujua siku ya kwanza au siku ya tisa. Na usimuahidi mtoto kuwa hutamwambia mtu, mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia na yeye atawajua kabla.

mzazi wa wawili

Mimi na heshima zote sikubaliani na hilo la kutoadhibu. Nimelipa ada ili mtoto asome, simu ikikutwa ichukuliwe na upekuzi uwepo, hata kila siku. Mtoto wa miaka 13 anafanya nini mtandaoni?

Ushauri_Nasaha

Mzazi nakuelewa na simu zichukuliwe, sijasema zirudishwe. Ninachosema yule aliyekuja mwenyewe kuomba msaada asipewe barua ya kusimamishwa. Hiyo miaka 13 inayoandikwa kwenye maapu kuwa ndo umri wa kuanzia, chanzo chake kikubwa ni sheria ya Marekani ya 1998 ya kulinda taarifa za watoto, haikupima kama mtoto ameiva. Na upekuzi wa kila siku unawafundisha kuficha vizuri zaidi, hao wa magodoro wamejifunzia hapo hapo.

niliishi bweni miaka 6

Mimi naongea kama niliyekuwa huko. Hamjataja upweke. Usiku taa zikizimwa unakumbuka nyumbani, simu ya shule foleni ni ndefu na unaongea dakika mbili huku mwalimu anasikiliza, sasa mtu wa mtandaoni ndo anakuuliza umeshindaje, umekula, nani kakuudhi leo. Kila siku. Mimi wangu hakuniomba picha kwa miezi mitatu, alikuwa ananisikiliza tu, kwa hiyo alipoomba nilijiona nina deni. Tafadhali waongezeeni muda wa kuongea na nyumbani bila mtu kusimama juu ya kichwa, hicho mimi kingenisaidia kuliko sheria yoyote.

MatroniWaZamu

Nimesoma zote mara mbili, ahsanteni sana. Mrejesho: juzi tumempigia baba yake, binti amekaa pembeni yangu kanishika mkono. Baba alinyamaza muda mrefu nikaogopa, halafu akasema "nipe niongee naye", nikatoka nje nikawaacha. Akaunti imeripotiwa, polisi wamechukua maelezo, Take It Down tumefanya naye yeye mwenyewe akibonyeza. Nimehamishia kitanda chake karibu na chumba changu, kasema ndo anataka hivyo.

Ile sentensi ya kwanza mkuu ameikubali kwa muhula mmoja kwanza. Simu za nyumbani tumepata Jumatano na Jumapili, dakika kumi na tano, chumba cha peke yake. Waifai fundi anakuja kesho.

Limebaki moja. Kiranja wa bweni akiambiwa na mwenzake jambo kama hili usiku afanyeje? Nao ni watoto.

Ushauri_Nasaha

Asilibebe peke yake. Asiombe kuonyeshwa picha, asimpekue mwenzie, asiahidi siri. Akugongee, hata kama ni saa tisa usiku, na wajue kutoka mdomoni mwako kwamba ukigongewa saa hiyo hutagomba.

MatroniWaZamu

Nitawaambia leo jioni kabla ya taa kuzimwa.