Spectrum ya 16K: niongeze chipu ndani, nitafute pakiti ya nyuma, au ninunue tu ya 48K?

MwanaKikwajuni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Marehemu baba ameniachia kompyuta ya zamani, Sinclair ZX Spectrum, ile ya vitufe vya mpira yenye mstari wa rangi pembeni. Alirudi nayo kutoka Uingereza 1984 alipomaliza skuli. Boksi linasema kumbukumbu yake (RAM) ni 16K, lakini kaseti zake karibu zote zimeandikwa 48K. Wanangu nimewaahidi wataona babu yao alikuwa akicheza nini usiku, kwa hiyo nataka kuipandisha.

Nimeona watu wanajaza chipu za 32K zilizobaki ndani ya bodi. Wengine wanachomeka pakiti ya RAM kule nyuma. Na kuna anayeuza ya 48K nzima, huko huko Uingereza. Ipi bora? Nina mtu anakuja kutoka London, anaondoka Ijumaa, nataka nimwagize mapema.

Fundi_Risasi
Wa alaykum salaam mkuu, na pole kwa msiba wa mzee. Mada nzuri ila yanayohitajika hukuyasema. Bodi ni toleo la ngapi? Imechapwa kwenye bodi yenyewe. Toleo la 1 lina kibodi kidogo cha pembeni cha kuongezea RAM, la 2 na la 3 chipu zinakaa palepale kwenye bodi kuu. Je, ukiiwasha leo inatoa nini kwenye TV? Na kuchomea risasi utafanya wewe au utampelekea fundi? Bila hayo kila mtu atakushauri ya kwake.

KibodiYaMpira
Mimi niko Mombasa na ninazo mbili. Usiumize kichwa, jaza chipu ndani kama Sinclair walivyokusudia. Bodi ya toleo la 2 au la 3 imeachiwa nafasi tayari, kuanzia IC15 hadi IC22 kwa RAM, na IC23 hadi IC26 kwa chipu nne za kuiongoza: 74LS32 moja, 74LS00 moja na 74LS157 mbili. Baadhi zilitoka kiwandani na soketi tupu, hapo huchomei kitu zaidi ya jampa, yaani kiwaya cha kuchagua. Mwaka 1982 ile ya 16K iliuzwa pauni 125 na ya 48K pauni 175. Watu wengi walianza na ndogo kisha wakaikuza nyumbani. Ukifanya hivyo unamalizia kazi ambayo mzee mwenyewe angeifanya.

Zedi80
Niko Leicester, vitu hivi naviona kila mwezi. KibodiYaMpira hujamwambia kwamba chipu za asili za juu (za ile 32K ya nyongeza; za chini ni 16K ya mwanzo), zile 4532, zilikuwa chipu za 64K zenye nusu moja mbovu. Walizinunua kwa bei nafuu wakatumia ile nusu isiyo mbovu, ndiyo maana kuna jampa ya kuchagua nusu ya juu au ya chini, na nyingine ya kuchagua kati ya Texas Instruments na OKI. Kwa nini leo mtu ahangaike kutafuta nusu chipu? Kuna vibao vidogo vya kisasa vyenye chipu moja ya RAM tuli. Kinakaa badala ya zote nane, hakipati joto, kinakula umeme kidogo. Mimi natia hivyo, juu na chini.

KibodiYaMpira
Hakuna anayelazimika kutafuta 4532. 4164 nzima inaingia palepale, mradi uchague zile zinazoridhika na mizunguko 128 ya kuhuishwa (bila kuhuishwa kila mara zinasahau), maana Z80, ile chipu kuu ya mashine, inahesabu biti saba tu. Zile zinazodai mizunguko 256 ndizo za kuepuka. Na ukitoa chipu zote za 1983 ukaweka kibao cha mwaka jana, kilichobaki cha mzee ni nini? Kasha?

BintiElektroni
Habari wanajukwaa. Kabla hamjamshawishi achome kitu, naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu hii mada inanigusa.

Mwaka 2019 nilinunua ya 16K kama hiyo, toleo la 2. Nikaagiza chipu kumi na sita za 4164 kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, nane za kutumia na nane za akiba. Zile za juu ziliingia vizuri kwenye soketi, nikaandika amri ya kupima RAM ikanipa 65535, yaani 48K imetimia, nilifurahi hadi nikampigia dada yangu simu usiku. Wiki ya pili skrini ikaanza kutoa vijisanduku vya rangi. Nikajua RAM ya chini imekufa. Ile ya chini, IC6 hadi IC13, haina soketi, imechomewa. Nilikuwa na pasi ya kuchomea ya wati 60 isiyo na kipimo cha joto na pampu ya kunyonya risasi ya bei rahisi. Bodi za wakati ule njia zake za shaba ni nyembamba na gundi imechoka. Nilizing'oa chipu nane, na njia kumi na moja zikanyanyuka pamoja nazo. Nikatumia wikiendi mbili kuunganisha upya kwa waya mwembamba kama unywele, kila mguu nikiupima.

Nikaweka soketi. Kisha nikachukua zile 4164 nane za akiba nikazitia, kwa sababu zina miguu kumi na sita, umbo lilelile, na juu zilifanya kazi. Nikawasha. Zilitoa harufu ndani ya sekunde chache. Baadaye ndipo nikaelewa: za chini ni 4116, ambazo zinataka volti tatu tofauti, hasi 5 kwenye mguu wa 1, 12 kwenye mguu wa 8, na 5 kwenye mguu wa 9. Kwenye 4164 mguu wa 8 ndio unaopokea volti 5. Mimi nilizipa 12. Zote nane zilikufa, na bodi ile sijaifufua hadi leo. Naiweka kwenye droo na kila nikiifungua droo naumia.

Kwa hiyo tafadhali, anayesema "jaza tu chipu" aseme na ni chipu gani na za upande gani.

Fundi_Risasi
Pole sana dada. Hilo la 4116 na 4164 lingebandikwa juu ya jukwaa. Karakana yangu Kariakoo nimeletewa bodi mbili zenye kosa hilohilo.

jua_kali_254
Kwani si anunue tu DivMMC? Inachomekwa nyuma, unatia michezo kwenye kadi ya SD, kaseti zinapumzika. Nasikia ina RAM kubwa kuliko hata hiyo 48K.

Zedi80
Hapana ndugu. RAM iliyomo ni ya mfumo wake wenyewe wa kusoma kadi. Mchezo ukitafuta anwani kuanzia 32768 kwenda juu na mashine ni ya 16K, hapo ni patupu. DivMMC ni nzuri lakini inakuja baada ya 48K.

Mzee_wa_Kaseti
Vijana, kuhusu pakiti ya nyuma nina neno. Nilianza na ZX81 yenye 1K, nikaongezea pakiti ya 16K. Ilikuwa inaning'inia kwenye meno ya bodi bila kushikwa na kitu. Umeandika programu saa mbili, mtoto akigusa meza, skrini inakuwa nyeupe na kila kitu kimekwenda. Nilikuwa naishikiza kwa kitambaa na raba. Za Spectrum, kama ile ya 32K ya Cheetah, zinakaa vizuri zaidi, lakini nisingemshauri mtu mwenye watoto.

BintiElektroni
Shikamoo mzee. Na kwa Spectrum hatari si kupoteza programu tu. Pakiti ikitikisika wakati umeme umewaka, meno yanaweza kugusana vibaya, transista TR4 ya mzunguko unaotengeneza volti hizo inaungua, hasi 5 inapotea, na 4116 zikibaki na 12 bila hasi 5 zinakufa.

Mzee_wa_Kaseti
Marahaba binti, umesema kweli. Ila mleta mada, mwaka 1984 mzee wako aliichomeka kwenye TV gani? Sisi Bara tulikuwa hatuna runinga hadi 1994, na tangu 1974 kulikuwa na marufuku ya kuingiza kompyuta. Mimi ZX81 yangu niliitumia nikiwa masomoni nje na niliiacha hukohuko.

MwanaKikwajuni
Shikamoo mzee. Sisi Unguja runinga ya rangi tulikuwa nayo tangu miaka ya 70. Baba aliichomeka kwenye TV ya ukumbini, mama akisubiri taarifa ya habari. Nakumbuka sauti ya kaseti ikipakia na mistari ya rangi ikicheza kingoni mwa skrini.

Wote ahsanteni. Sijaifungua bado, na kuwasha sijaiwasha kwa sababu adapta yake imepotea. Nimepata ya ruta, imeandikwa 9V na kichwa kinaingia. Leo baada ya isha nitaijaribu niwaambie inatoa nini.

Fundi_Risasi
USIIWASHE. Spectrum inataka volti 9, ampea 1.4, na HASI KATIKATI. Adapta za ruta karibu zote ni chanya katikati. Ukiichomeka hiyo unapeleka umeme kinyume na unaweza kuua vyote tunavyovijadili hapa. Angalia mchoro wa duara kwenye lebo ya adapta.

KibodiYaMpira
Nakazia. Na ukiifungua, skrubu ni tano chini. Nyanyua kifuniko polepole, maana kibodi kimeunganishwa na tepe mbili za plastiki ambazo kwa umri huu zinakatika kama jani kavu.

MwanaKikwajuni
Alhamdulillah nimesoma kabla. Kweli ni chanya katikati. Nitampelekea kijana wa Darajani anigeuzie waya.

jua_kali_254
Mkimaliza la umeme, TV nayo? Hii mashine inatoa picha kwa UHF chaneli ya 36. TV yangu mpya haina tyuna ya zamani, haikuona kitu.

Fundi_Risasi
Hiyo rahisi. Kwenye lile boksi la bati ndani ya mashine, linalogeuza picha kuwa ya UHF, zinaingia waya mbili, ya volti 5 na ya picha. Unazikata zote mbili, na ile ya picha unaipeleka moja kwa moja kwenye pini ya kati ya tundu. Unapata video ya kawaida kwa waya wa njano.

KibodiYaMpira
Tena kukata! Mnunulieni TV ya kichogo, zimejaa mitaani.

Zedi80
Za kichogo zinakula umeme na zinaharibika pia. Kwa watoto atumie waya wa njano. Turudi kwenye RAM: MwanaKikwajuni, tukikuwekea kibao cha kisasa chini na juu, umemaliza kabisa habari za 12 na hasi 5. Hutazihitaji tena.

Fundi_Risasi
Hapo si sawa Zedi80. Hasi 5 sawa, lakini 12 inahitajika bado. Chipu ya rangi, LM1889, inaila hiyohiyo 12. Ikikosekana, RAM itakuwa nzima na picha itakuwa hovyo. Kwa hiyo mzunguko wa TR4 na koili yake lazima utengenezwe kwa vyovyote.

Zedi80
Nakubali, nilisahau LM1889. Hoja yangu ya RAM iko palepale.

MwanaKikwajuni
Nimerudi. Bodi ni toleo la 3, soketi za juu zipo tupu zote kumi na mbili. Adapta imegeuzwa, nimeipima kwa mita kwanza. Nimeiwasha. Skrini haina maandishi ya Sinclair chini, ina vijisanduku vyekundu na vyeusi vilivyosambaa, haviondoki. Hata ile amri ya kupima siwezi kuiandika. Mlisema ni ipi hasa?

BintiElektroni
PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733. Ingekupa 32767 kwa 16K, 65535 kwa 48K. Lakini kwa hali hiyo achana nayo kwanza, hiyo ni dalili ya RAM ya chini. Sasa swali lako la mwanzo limebadilika: huongezi, unatibu. Pima mguu wa 1 wa IC6 usiku huu. Mita moja kwa ardhi ya bodi, na mkono usitetemeke ukagusisha miguu miwili.

MwanaKikwajuni
Nimepima mara tatu. Mguu wa 9 ni 5 kamili. Mguu wa 8 haufiki 12. Mguu wa 1 hakuna kitu, sifuri.

Fundi_Risasi
Zima na usiiwashe tena. Hasi 5 imekufa. Agiza ZTX650 kwa ajili ya TR4, ZTX213 kwa ajili ya TR5, na kapasita za umeme seti nzima. Ni vitu vidogo, vinaingia mfukoni. Ongeza 4116 nane, maana sidhani zote zimepona. Za juu 4164 nane na zile nne za 74LS.

Zedi80
Transista na kapasita naafiki. 4116 usinunue, nyingi zinazouzwa sasa zimefutwa maandishi na kuandikwa upya. Chukua kibao cha chini, nitakutumia picha ya kile ninachotumia mimi.

KibodiYaMpira
Zake za asili huenda ni nzima! Atengeneze umeme kwanza, kisha aweke 4116 moja nzima juu ya kila moja yenye wasiwasi apime moja moja. Anang'oaje chipu nane kwa kubahatisha?

BintiElektroni
Na nani atazing'oa? Mimi nisingependa njia za shaba za bodi ya baba yake zinyanyuke kama zangu.

MwanaKikwajuni
Ijumaa ni keshokutwa. Nimemwandikia mtu wangu transista, kapasita na chipu za juu. La chini sijaamua. Fundi_Risasi, nikipanda boti nikakuletea Kariakoo, una pasi yenye kipimo cha joto?

Fundi_Risasi
Ninayo. Ila usije kabla vifaa havijafika. Na hiyo koili iliyo karibu na TR4, ipige picha kwa karibu uiweke hapa, nataka nione kama waya wake umeungua.