Mnaouza programu za "moduli" za macho ya roboti, huu ni utapeli kama utapeli mwingine

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na mwingine, leo nimevurugwa.

Kuna kampuni imekiuzia kituo kimoja cha kumenya kahawa huku Moshi, upande wa Kibosho, mkono wa roboti wa kuchambua matunda. Kamera inaangalia mkanda, jekundu linapita, la kijani linatolewa. Kwenye makaratasi yao wameandika kabisa: programu ni ya moduli, yaani vipande vinavyojitegemea, ukibadilisha kamera kwingine hakuguswi. Sasa kamera imekufa msimu umekolea, mzee wa kituo akaniita nifunge nyingine.

Nafungua, nakuta faili MOJA. Kusoma kamera, kutambua rangi, hesabu za mkono, mpaka namba ya simu ya kupokea SMS, vyote vimechanganywa humo kama makande.

Nikafunga kamera mpya. Mashine ikawaka vizuri tu, halafu ikaanza kutupa mbivu. Zote! OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha, kwa kawaida hupanga rangi bluu, kijani, nyekundu. Dreva ya hii kamera, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta, inaleta nyekundu, kijani, bluu. Kwa hiyo tunda jekundu linaonekana la bluu, wakati kijani kiko katikati hakisogei. Kamera ingekuwa na moduli yake, hiyo ni kazi ya mstari mmoja. Lakini jamaa aliyeiandika programu kanakili kipande kilekile cha kusoma picha kila alipohitaji picha. Ukirekebisha huku, kule kunageuka.

Rangi zikakaa sawa, mkono nao ukaanza kudonoa mkanda mtupu. Kumbe vipimo vya lenzi vimechomekwa katikati ya hesabu za mkono, namba tupu, hata maelezo hakuna. Jamani, hivyo vinakaa kwenye faili ya pembeni! Unaweka karatasi ya madrafti mbele ya kamera, unapima upya, unabadilisha faili, unaenda kula. ROS, mfumo wa kuunganisha programu za roboti, ipo tangu 2007 na ni bure: nodi (kiprogramu kidogo chenye kazi yake) ya kamera inarusha picha pamoja na vipimo vyake, nodi ya kutambua inapokea bila kujali kamera ni ya nani.

Najua atakuja mtu hapa kusema ukigawanya programu inakuwa nzito. Picha ya 640 kwa 480 ya rangi ni baiti 921,600, kwa picha 30 kila sekunde ni kama MB 27. Ukiirusha ghafi kwenye Wi-Fi ya bure utalia, sawa. Ndani ya kompyuta moja je? ROS 2, toleo jipya la ROS, inakuruhusu kupakia nodi kadhaa kwenye mchakato mmoja, picha isinakiliwe hovyo. Kwa hiyo hicho kisingizio kaa nacho.

Nimewapigia kampuni waliouza, eti tusafirishe mashine nzima Dar, kwa gharama zetu, "wataiangalia". Kahawa ikishachumwa haisubiri mtu, ikilala inachacha. Sasa hivi akina mama wamerudi kuchambua kwa mikono na bado wanalipwa, juu ya hela iliyokwisha kulipwa kwa roboti.

Mnaotaka kununua, mwambieni muuzaji aing'oe kamera mbele yenu achomeke ya aina nyingine, ndiyo mlipe. Na nyie kampuni, najua mnasoma humu: leteni programu mliyoiandika kwenye makaratasi, au mrudishieni mzee wa watu hela yake.