Wakuu wa Minnesota, nimealikwa kupiga kayaki jioni na kuogelea sijui. Niende?

Mtoto wa Kirumba
Habari zenu wakuu. Jumatatu ya wiki ijayo ni Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi huku Marekani, na watu wa kazini wameamua tukaiage samaa (majira ya joto) pale Bde Maka Ska, ziwa la hapa Minneapolis, tunakodi kayaki, vile vimtumbwi vya kasia, saa 12 jioni tunatoka jua likizama. Sasa mimi nimekulia Mwanza, kutoka nyumbani hadi ziwani hata dakika kumi kwa mguu hazifiki, kwa hiyo wote wanaamini mimi ni samaki, kumbe bibi alikuwa anatuchapa akiona tu nywele zimelowa, kuogelea sikujifunza hata kidogo. Na nimeshajibu "nakuja" mbele ya bosi 😅 Asiyejua kuogelea anaruhusiwa? Nichukue ya mtu mmoja au ya wawili na wife? Yeye anauliza kama kuna mamba.

Mkenya wa Brooklyn Park
Enda tu bro. Mamba hakuna, kiboko hakuna, utakuta bata bukini na mavi yao hapo ufukweni, chunga viatu. Lakini hiyo ya wawili nakuonya mapema. Mimi na mama watoto tulizunguka kama pia dakika kumi nzima, kila mtu analaumu kasia ya mwenzake, watu kwa nyasi wanatuangalia na aiskrimu mkononi. Siri yake ni hii: mzito akae nyuma, huyo ndiye usukani, wa mbele anapiga kwa mwendo wake na wa nyuma anamfuata bila maneno mengi. Hapo kwa "bila maneno mengi" ndio kazi iko.

Mama Wawili
Mdogo wangu, kuruhusiwa unaruhusiwa, ila laifujaketi (jaketi la kuelea) usiikalie kama mto jinsi nilivyoona vijana wakifanya. Sheria ya hapa inataka kila mtu awe na yake chomboni, na watoto chini ya miaka 10 lazima waivae. Wewe jihesabu una miaka 9. Funga mikanda yote halafu mwambie mkeo aivute juu mabegani, ikikupanda mpaka masikioni hiyo ni kubwa, rudisha.

Suruali ya jinzi acha nyumbani, ikilowa inakuwa nzito na haikauki, na Septemba hii jua likishaenda baridi inaingia ghafla. Wiki hiyo linazama kama saa 1:40, kwa hiyo beba na tochi ya mwanga mweupe, giza likiwakuta majini inatakiwa muwe nayo hata kama ni kayaki tu. Simu kwenye mfuko wa plastiki wa zipu.

Mtoto wa Kirumba
Shukrani dada. Na kichocho je? Kwetu ukiingia ziwani hilo ndilo swali la kwanza.

Pepo za Kusi
Kichocho cha kwetu hapa hakipo mkuu. Kuna ndugu yake wa bata, anaingia kwenye ngozi ya mtu anafia humohumo, unabaki na vipele na kujikuna siku kadhaa. Ukitoka jifute na taulo haraka, usisubiri upepo. Na mwisho wa samaa hivi ukiona maji yamekuwa kama rangi ya kijani iliyomwagika, usiyaguse kabisa.

La muhimu kwako ni upepo. Ukianza safari anza kwa kuukabili, ili mikono ikichoka ukusukume kurudi. Watu wengi wanafanya kinyume, wanateleza kwa raha mpaka ng'ambo halafu kurudi wanalia. Mimi ningeambaa na ufukwe nikapita mfereji wa kwenda Lake of the Isles, ziwa la jirani, kule kumejificha, maji yametulia.

Mtoto wa Kirumba
MREJESHO. Tumerudi wazima wakuu. Tulichukua ya wawili, kuzunguka kama pia tulizunguka, ila dakika tano tu 😂 Wife alikaa mbele akawa anahesabu "moja, mbili" kama mwalimu wa mchakamchaka. Jambo ambalo hamkuniambia ni maji yanayoshuka na mpini wa kasia, kila ukiinua upande mmoja yanatiririka mpaka mapajani, nilitoka suruali imelowa kama mtoto aliyekojoa kitandani, na bosi akapiga picha.

Lakini ule mfereji jamani. Tumeingia chini ya daraja, magari yanapita juu ya kichwa, huku chini sauti inajirudia mpaka tukawa tunanong'ona bila sababu. Tulivyotoka upande wa pili jua limeshuka kwenye miti, maji yamelala kabisa. Wife akaacha kuhesabu. Tukaweka kasia mapajani, kayaki ikaenda yenyewe kidogo, akauliza hivi kweli hili ziwa miezi michache ijayo watu watatembea juu yake?

Swali lingine: wapi wanafundisha watu wazima kuogelea, ila pasiwe na mtu wa kazini kwangu?

Mama Wawili
Nakuja PM.